Kulea mwasumini uwe kichaka kifupi

Wengi wetu Unguja na Pemba huuachia mwasumini uparamie ukuta, hata maua yakawa juu kuliko mkono wa mchumaji. Mmea huu hauna nyuzi za kushikia kama mzabibu. Matawi yake marefu hujizongeza tu kwenye chochote kilicho karibu, kwa hiyo ukikatwa kwa wakati hukubali kukaa kimo cha kiuno.

Kwanza, kipando. Masika yanapoanza, kata tawi lililokomaa kiasi, la urefu wa shubiri moja, ulipunguze majani na uchomeke vifundo viwili (pale majani yanapotokea) kwenye mchanga uliochanganywa na udongo mweusi, kivulini. Ukibahatika kuipata aina iitwayo Grand Duke of Tuscany, yenye ua lililojaa kama waridi dogo na majani matatu matatu kwenye kifundo, usiiache, kwani hukua polepole na haitambai.

Pili, udongo. Wenye udongo wa kina wapande ardhini, penye jua la saa sita au zaidi. Walioko kwenye uwanda wa mawe, kama Paje na Makunduchi, watumie chungu kipana na samadi iliyooza, kwa sababu chokaa ya mawe hayo huunyima mmea madini ya chuma, jani likawa manjano na mishipa yake ikabaki kijani.

Tatu, kukata, na hapa ndipo wengi wanapoona huruma isiyo na faida. Ua hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya. Asiyekata hubaki na miti mikavu chini na maua machache juu. Maua yakishapungua, punguza kila tawi kwa theluthi moja, juu kidogo ya kifundo, na kwa kuwa majani ya aina ya kawaida hukaa mawili mawili, pale ulipokata kwa kawaida huchipuka matawi mawili. Kisha tia samadi na umwagilie. Tawi jembamba linaloanza kutafuta ukuta lisingoje msimu.

Vitumba vya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, vichumwe alasiri, vikiwa vyeupe na vimejaa lakini bado vimefumba, maana hufunguka usiku.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Wete: Shikamoo mwalimu. Wangu umestawi majani matupu, ua hata moja.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ama uko kivulini, ama umeutilia mbolea ya urea nyingi. Usimamishe urea, uusogeze juani, kisha uukate.

Mwanachama wa Mji Mkongwe: Ninao kwenye chungu darini, na maji ya kisima chetu yana chumvi. Ncha za majani zinaungua.

Jibu: Kinga maji ya mvua, na kila umwagiliapo mimina mpaka yatoke chini ya chungu, ili chumvi isijikusanye kwenye udongo.

Mwanachama wa Makunduchi: Vitumba vinageuka zambarau na vina tundu.

Jibu: Humo mna kiwavi. Vichume vyote vilivyotobolewa uvichome moto, usiviangushe shinani, kisha nyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa, jioni, jua likishapoa.