Kuutafuta mji wa babu aliyekuja na jahazi kutoka Hadhramaut: mwongozo kwa watu wa Mombasa

Mwongozo huu ni wa yule ambaye nyumbani kwao husemwa "babu alitoka Arabuni" na hadithi ikaishia hapo. Nauandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Guraya ambaye babu ya babake alishuka Bandari ya Kale, akauza kahawa, akaoa, akafa, na hakuna aliyejua kijiji chake kiko wapi. Nazungumzia Hadhramaut peke yake, iliyoko Yemen ya leo. Wenye asili ya Kachi, Makran, Goa au Omani wana karatasi zao na njia zao.

Hatua ya 1: Jina zima

Kitambulisho kina majina matatu: lako, la baba na la babu. Laqabu ya ukoo mara nyingi imeachwa njiani. Itafute kwenye cheti cha nikaha, hati ya nyumba au karatasi za mirathi. Ukikuta jina linaanza na Ba, kama Bawazir au Bajaber, basi karibu hakika uko Hadhramaut. Andika mlolongo wote wa fulani bin fulani mpaka kumbukumbu ikome. Bila huo usiendelee, kwa sababu huko utakakouliza hakuna atakayekutambua kwa jina la mji.

Hatua ya 2: Wazee, na hasa wanawake

Usiulize "Babu alitoka mji gani?" Utajibiwa "Arabuni", nawe utaandika "Arabuni", na hapo mmekwama wote wawili. Uliza mambo ya pembeni. Barua zake zilikuwa zikienda kwa nani? Pesa alimpa nahodha gani azipeleke? Kwenye jahazi alikuwa na nani? Alipofika Mombasa alilala kwa nani? Nani alimuozesha? Wenziwe wa baraza la kahawa walimtania kwa jina gani?

Swali la kulala kwa nani lina thamani kuliko yote. Washihiri, kama tunavyowaita Wahadhrami hapa, hawakuja ovyo ovyo. Kijana aliitwa na ami yake, au na jirani wa kwao aliyetangulia, akalala dukani, akauza, akaweka akiba, kisha naye akamwita mwingine. Kwa hiyo ikiwa wajukuu wa yule aliyempokea wanajua kwao, wewe nawe umefika karibu sana. Yule kijana wa Guraya alikuwa amezunguka kwa jamaa zake bila jibu la kueleweka, na fununu ya kwanza ikatoka kwa jirani, mama mmoja ambaye babake ndiye aliyekuwa na duka.

Nenda kwa nyanya na mashangazi kabla ya wanaume. Wanaume hukusimulia nasaba na ushujaa. Wanawake wanakumbuka nani alileta asali, nani alikuja kulala, nani alilia barua ilipofika. Rekodi sauti kwa simu wala usitegemee daftari; sababu utaiona kwenye hatua ya 5.

Tarehe nazo zitakuja kwa matukio. Mzee akisema babu alikuja "wakati wa njaa", huenda ni miaka ya 1940. Vita vya Pili vilikata pesa ambazo Wahadhrami wa Java walikuwa wakituma kwao, mvua nayo ikakosekana, watu wakafa kwa njaa na wengine wakakimbilia popote penye jamaa.

Hatua ya 3: Bandari si mji

Kuitwa Mshihiri hakumaanishi kwamba babu alizaliwa Shihr. Shihr ilikuwa bandari, Mukalla vilevile, na mtu wa Shibam, Tarim au Doan alipandia huko kwa sababu bara hakuna bahari. Karatasi ikisema "Mukalla", isome hivi: alipita Mukalla.

Hatua ya 4: Karatasi zilizoko hapa hapa

Watu wanakimbilia nyaraka za Uingereza kabla ya kutafuta Mombasa. Mimi sikushauri. Mafaili ya Aden, ambayo yalikuwa chini ya utawala wa India mpaka 1937, yamejaa mikataba ya masultani wa Hadhramaut, wa Qu'aiti na wa Kathiri, bunduki na kodi. Muuza kahawa hayumo. Anza na haya:

Mirathi katika Mahakama ya Kadhi. Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu mirathi ya Kiislamu hulazimu warithi wote watajwe, hata walio mbali. Ikiwa babu aliacha mke wa kwanza au ndugu huko kwao, huenda wametajwa na mahali walipo. Nenda na mtu wa ukoo na cheti cha kifo kama kipo.

Hati za ardhi. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya Pwani wajitokeze na kuandikisha madai yao, na hapo majina huwa marefu kuliko ya kitambulisho. Ila kumbuka kwamba Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba bila ardhi. Jina la babu lisipokuwa kwenye hati ya kiwanja, si kwamba hakuwa na nyumba.

Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza 1899. Matoleo ya zamani yapo bure kwenye intaneti, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Matangazo ya mirathi ndiyo yenye faida. Jaribu kila tahajia: makarani wa Kiingereza waliandika Said, Saeed, Seyyid na Syed kwa mtu yule yule.

Karatasi za Kiarabu zikiwa na mwaka wa Hijria, geuza kabla ya kulinganisha. Mwaka 1345, kwa mfano, ulianza Julai 1926.

Na pasipoti. Fungua masanduku ya chuma, makabati, bahasha zilizofungwa kwa kamba. Hati za safari za zamani ndizo zenye nafasi ya mahali pa kuzaliwa, na jamaa huzitunza bila kujua kilichomo.

Hatua ya 5: Kuligeuza jina la nyanya kuwa jina la ramani

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na ndipo nitakapokaa.

Nyanya wa kijana wetu alisema "Hayareni". Alilisema hivyo kila mara, bila kusita. Kijana aliandika Hayareni, Hayarein, Hiyareni kwenye ramani ya simu na hakupata kitu. Ami yake akamwambia nyanya amezeeka. Nyanya alikuwa sahihi kuliko ramani.

Sababu ni kwamba Wahadhrami hawatamki herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa chuoni, yaani madrasa. Watu wa bonde la Hadhramaut huitamka jim kama ya: msikiti kwao ni "masyid". Na qaf huitamka kama g. Nyanya alilisikia jina kwa mdomo wa babake, si kwa kitabu. Kwa hiyo kila y unayoisikia huenda ni ج, na kila g huenda ni ق. "Gaiduni" ni Qaydun, alikozikwa Sheikh Said bin Isa al-Amudi. "Hayareni" ni Hajarayn, الهجرين, mji wa kale ulio juu ya kilima katika bonde la Doan.

Baada ya hapo vua Uswahili wetu. Sisi hupachika irabu mwishoni: Tarimu, Shibamu, Sewuni. Iondoe. Kisha jua kwamba sikio letu limezichanganya herufi: h moja ya Kiswahili inaweza kuwa ه au ح, na wakati mwingine خ, s inaweza kuwa س au ص, t ni ت au ط, dh ni ذ, ض au ظ. Ain nayo hupotea kabisa. Doan ina ain katikati, دوعن, na ndiyo maana kwa herufi za Kizungu utaikuta kwa sura nyingi sana, Duan, Dawan, Do'an.

Sasa utaona kwa nini nilisema urekodi. Ukiandika "Hayareni" kwenye daftari, umeshaamua h ni ipi. Kwenye sauti unaweza kurudi, na unaweza kumsikilizisha mtu anayejua. Nami nakusihi usimsahihishe mzee anapotamka. Ukimwambia "Unamaanisha Hadharamauti?" atakuitikia kwa adabu, na jina halisi litapotea.

Orodhesha sura zote zinazowezekana kwa herufi za Kiarabu, zenye ال mwanzoni na zisizo nayo. Weka kibodi ya Kiarabu kwenye simu. Kama ulikaa chuoni utotoni, herufi unazijua. Kama hukukaa, mwombe maalim wa mtaani. Tafuta kwa Kiarabu tu. Kutafuta vijiji vya Hadhramaut kwa herufi za Kizungu ni kupoteza bando.

Mahali pa kutafutia, mimi huanza na Wikipedia ya Kiarabu, wala sianzi na ramani. Ina kurasa fupi fupi za vijiji vingi vya Yemen, zilizotokana na sensa ya 2004, na kila ukurasa unakuonyesha kijiji kiko mudiriya gani, yaani wilaya gani. Ukishajua mudiriya, ndipo ufungue ramani ya Google kwa picha za setilaiti ufuate bonde. Ukianza na ramani utapata jina, utafurahi, na huenda ni kijiji kingine kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu majina ya huko yanajirudia. Hawta ni eneo tukufu lililowekwa chini ya ulinzi wa walii, nazo ziko nyingi: kuna ya Ahmad bin Zayn huku upande wa Seiyun, kuna ya Lahij, mbali kabisa, karibu na Aden. Husn ni ngome, na ngome ziko kila mahali. Ribat vilevile. Ghayl ni maji yanayotiririka. Iko Ghayl Bawazir karibu na pwani na Ghayl Bin Yumayn huko bara. Dis ni mtaa wa Mukalla, na Dis ya Mashariki ni mji mwingine uliopita Shihr. Nyanya akikwambia "Hauta" au "Gheli", bado hujapata kitu. Unahitaji neno la pili.

Neno la pili hulipati kwa kuuliza "Hauta ipi?" Uliza maisha. Babu alijua bahari, alishona nyavu, aliita upepo kwa majina? Huenda ni mtu wa pwani. Alisifu asali ya kwao mpaka kuwachosha watu? Doan inasifika kwa asali. Akitaja mkono wa kulia au wa kushoto, Ayman au Aysar, shika hapo hapo: bonde la Doan limegawanyika mikono miwili na kila mmoja una vijiji vyake. Lakini akisema nyumba za kwao zilikuwa ghorofa za udongo, usirukie Shibam kwa kuwa ndiyo uliyoiona kwenye picha. Bonde zima hujenga hivyo.

Na usidanganywe na laqabu. Mtu wa ukoo wa Shibami huenda ukoo wake ulihama Shibam vizazi kadhaa kabla ya babu kuzaliwa. Wala si kila Bawazir anatoka Ghayl Bawazir.

Hatua ya 6: Kuuliza huko kwenyewe

Miji na koo nyingi zina kurasa na makundi kwenye Facebook na WhatsApp. Andika kwa Kiarabu, kifupi: salamu, mlolongo wa majina, kazi ya babu Mombasa, mwaka wa kukisia aliosafiri, na jina la yule aliyempokea. Mwisho omba uelekezwe kwa mzee wa ukoo. Usianze kwa kusema unatafuta jamaa zako waliopotea. Watadhani unataka shamba. Makundi ya Jeddah nayo yajaribu, Wahadhrami wengi wamehamia huko na wana simu nzuri na nafasi.

Masharifu wana njia ya mkato: nasaba zao zimeandikwa kwa uangalifu, na Rabita Alawiyya ya Jakarta, iliyoanzishwa 1928, ina daftari kubwa.

Shajara, yaani mti wa nasaba, ya kununua usinunue. Anayekuuzia atakufikisha kwa Mtume kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Vipimo vya vinasaba vinaweza kukukutanisha na binamu wa mbali, ila kijiji havikutajii, na pesa yake afadhali uichome bando la kupiga simu Seiyun.

Hatua ya 7: Kuthibitisha

Nataka vitu viwili visivyotoka mdomo mmoja. Kwa kijana wetu cha kwanza kilikuwa sauti ya nyanya. Cha pili kilitoka kwa mzee wa Hajarayn, ambaye bila kuambiwa alitaja ndugu wa babu aliyebaki nyumbani, na jina hilo likawa ndilo lililokuwa kwenye karatasi za mirathi. Mzee huyo asitumiwe karatasi kwanza. Mwache aseme, kisha linganisha.

Majina yakioana mpaka babu wa tatu halafu yakaachana, usilazimishe. Huenda umepata tawi la jirani. Rudi kwa yule aliyempokea bandarini uanze upya na ukoo wake. Yakioana yote, andika jina la kijiji kwa Kiarabu, mudiriya yake na upande wa bonde, uwatumie jamaa pamoja na sauti ya nyanya.