Kukata bomba la chuma na kulitia hesi upya

Bomba la maji la chuma likianza kuvuja, tazama kwanza penye hesi, yaani mikato ya mzunguko inayolifunga bomba kwenye kiungo. Mara nyingi katikati yake ni zima kabisa. Kilichokufa ni sentimita mbili za mwisho, pale dai (kifaa chenye meno kinachochonga hesi) lilipokwangua zinki na kuacha chuma kitupu mbele ya hewa ya chumvi. Kwa kasoro hiyo huna haja ya kununua bomba jipya la mita 6. Kata palipooza, tia hesi mpya, na pengo linalobaki litajazwa na nipo (kipande kifupi chenye hesi nje pande zote mbili) na soketi (kiungo chenye hesi ndani). Maelezo haya ni ya nusu inchi, robo tatu na inchi moja, kwa dai la mkono.

Gonga bomba kwa nyundo ndogo kuanzia upande mbovu. Penye kutu nyingi ndani mlio ni mzito, penye chuma kizima linalia. Kata sentimita 5 kupita pale mlio unapobadilika, kisha utazame unene wa ukuta wake mdomoni. Nusu inchi ya daraja la kati ina ukuta wa milimita 2.6. Hesi inazama milimita 1.16, kwa hivyo chini ya jino hubaki kama milimita 1.4. Bomba jepesi la milimita 2.0 hubakiwa na 0.8 tu, na hilo hukatika kama muwa siku spana inapokazwa. Ndiyo maana bomba la bei rahisi huwa ghali likishatiwa hesi. Na la zamani lililoliwa kwa ndani mpaka chini ya milimita 2, usilisumbue, weka jipya.

Urefu ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanasahau kuwa bomba linaingia ndani ya elbo, yaani kiungo cha kona. Pima kutoka katikati ya elbo moja hadi katikati ya nyingine, kisha kwa kila elbo utoe milimita 15 kwa nusu inchi, 18 kwa robo tatu, 21 kwa inchi moja. Mfano: kati kwa kati ni milimita 600, bomba la nusu inchi, elbo mbili. Utakata 570. Vifaa vya viwanda vingine hutofautiana kidogo, basi jaribu kwanza kwa kipande kibovu.

Zungushia karatasi yenye ukingo ulionyooka mpaka ncha zake zikutane, na uchore mstari. Bana bomba kwenye jiliwa ya bomba, kibano chenye meno ya kulishika bomba. Jiliwa ya kawaida hulibonyeza likawa yai, na dai halitakaa. Tumia msumeno wa chuma wenye meno 24 kwa inchi, ukizungusha bomba kidogo kidogo badala ya kukata upande mmoja mpaka mwisho. Kikata bomba cha gurudumu hukata sawa zaidi, lakini husukuma chuma ndani na kuacha mdomo mwembamba. Mdomo huo usipoondolewa kwa tupa ya mviringo, maji hupungua, na takataka za tangi hujishika hapo hapo. Nje napo piga tupa, uache mteremko wa milimita 1 hadi 2 ili dai lipate pa kuanzia.

Sasa dai lenyewe. Meno yake manne yana namba, 1 hadi 4, na kila jino lina nafasi yake kwenye kichwa. Ukiyachanganya, hayatatoa hesi, yatatoa chuma kilichotafunwa. Upande mpana wa dai ndio unaotangulia kwenye bomba. Sukuma kwa kiganja katika mizunguko miwili ya mwanzo, huku unatazama kwa pembeni kama mpini unazunguka bila kuyumba. Ukiyumba hapo, simama na upige tena tupa, kwa sababu hesi ya mshazari hairekebishiki mbele ya safari. Likishauma, halihitaji tena kusukumwa, linajivuta lenyewe. Tia mafuta kila nusu mzunguko. Vipande vikijibana, rudisha robo mzunguko vikatike. Vitoe kwa brashi, maana vinachana vidole.

Mafuta ya nazi yanafanya kazi vizuri hapa, na kwa bomba la maji ya kunywa ni bora kuliko oili ya injini, ambayo ladha yake hubaki ndani siku nyingi.

Simama pale mdomo wa bomba unapokuwa sawasawa na uso wa nje wa dai. Hapo nusu inchi ina hesi ya kama milimita 13, robo tatu 15, inchi moja 17. Kuongeza “kwa usalama” ni kosa: hesi hii ina mteremko wa 1 kwa 16, na mteremko ndio unaobana. Ukipitiliza, mwanzo wa hesi unakuwa wima, soketi inaingia bila kubana, na katani yote ya dunia, nyuzi za kuzibia hesi, haitakuzibia.

Jaribu soketi kwa mkono. Iingie mizunguko mitatu hadi minne kisha igome. Hesi ya mabomba ya kwetu ni BSP, kipimo cha Kiingereza, pembe digrii 55, meno 14 kwa inchi katika nusu na robo tatu, 11 katika inchi moja. Pampu ya Kimarekani inaweza kuja na NPT, kipimo cha kwao, digrii 60. Nusu na robo tatu zake nazo zina meno 14, kwa hivyo zinaingia vizuri mwanzoni, kisha zinakwama na kuvuja. Ukigundua hivyo usilazimishe, tafuta kiunganishi cha kubadilisha.

Futa mafuta yote. Zungusha katani kwa mwelekeo wa kukazia, kuanzia mdomoni, na uipake dawa ya kuzibia. Usumba wa makumbi usiujaribu, nyuzi zake ni nene mno kulala ndani ya jino. Kaza kwa spana mizunguko miwili au mitatu, ibaki hesi moja au mbili nje. Ukipita lengo, usirudishe nyuma, kwani katani iliyorudishwa haizibi tena. Fungua yote uanze upya.

Fungua maji, kausha kila kiungo, kizungushie karatasi ya gazeti na uache usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, paka hesi zilizobaki nje rangi yenye zinki nyingi, mara mbili. Bomba linalopita ndani ya ukuta wa mawe na chokaa lizungushie utepe wa kuzuia kutu kabla ya plasta, hasa kama mchanga ulitoka pwani, kwa sababu chumvi yake hula chuma kutoka nje wakati wewe unangojea kivuje kwa ndani.