Unga wa protini ukikuletea vipele baada ya upasuaji

Dada yangu alirudi nyumbani Kayole na mkebe wa unga wa protini. Siku ya pili shingo nzima ilikuwa vipele na kujikuna. Tulichojifunza: usikimbilie mkebe wa kampuni nyingine. Acha unga, rudi kwa chakula cha protini ambacho umekula miaka yote bila shida. Mikebe mingi, iwe ya vanila au chokoleti, ndani ni yale yale: protini ya maziwa (kwenye lebo huandikwa "whey" au "casein"), soya, na vitu vya kuongeza ladha. Chakula cha kawaida unakijua, na yai moja tu lina gramu 6 hivi za protini. Yeye alishika mayai ya kuchemsha, supu ya kuku na ndengu zilizopondwa hadi zikawa laini kama uji. Lebo ipige picha umwonyeshe daktari, na umwulize unahitaji protini kiasi gani kwa siku.

Kuacha unga hakusaidii kama chanzo cha vipele ni kitu kingine. Antibayotiki, dawa ya maumivu, hata gundi ya plasta huleta vipele. Lakini dawa usiache mwenyewe, piga simu kwanza. Tumbo kujaa gesi na kuhara bila vipele mara nyingi ni sukari ya maziwa, si aleji. Aliyepasuliwa tumbo au mwenye shida ya figo apangiwe chakula na daktari. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali saa hiyo hiyo, usingoje matatu ijae.