Kabla ya kulaumu koili: kupima mota ya mashine ya oksijeni

Mashine ya oksijeni ikiletwa karakana kwa maelezo kwamba "inanguruma tu, hewa haitoki", usikimbilie kuagiza mota mpya. Kwanza hakikisha mgonjwa wake kaunganishwa na mtungi wa oksijeni. Mashine haifunguliwi kabla ya hapo.

Kwenye mota za kompresa (pampu ya hewa) ninazozishika kuna koili mbili, yaani waya za shaba zilizoviringishwa: kuu, na ya pili inayopata umeme kupitia kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji. Hizo ndizo sumaku zinazoizungusha rota, sehemu ya ndani inayozunguka. Chomoa plagi, maliza chaji ya kapasita kwa rezista, usitumie bisibisi, kisha linganisha maikrofaradi zake na zilizoandikwa ubavuni. Kapasita ikichoka, sumaku ya pili inalegea na mota inabaki kunguruma.

Tenga mota na bodi ya kielektroniki, kwa sababu volti 500 za megga, mita ya kupima uvujaji wa umeme, zitaiunguza bodi hiyo. Pima kati ya koili na chuma cha mota. Chini ya megaomu 1, mota hiyo hairudi wodini kwa namna yoyote. Pima pia omu za kila koili ikiwa baridi, ulinganishe na mota nzima ya modeli hiyohiyo, kwani mizunguko michache iliyoshikana hupunguza omu kidogo sana.

Sasa umeme mdogo, muuaji wa mota nyingi. Nguvu ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti: 230 zikishuka hadi 180, inabaki takriban asilimia 61. Rota inazubaa, koili inavuta ampea zaidi na kuchemka. Rudisha waya zote, unganisha mashine kwenye variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti), weka mtiririko wa kawaida wa oksijeni, kisha shusha volti 10 kwa 10 ukisubiri oksijeni itulie. Mita ya kubana, ya kupimia ampea, ishike waya mmoja tu. Andika volti ambapo ampea zinaanza kupanda, na ambapo usafi wa oksijeni unashuka chini ya asilimia 82. Ikinguruma bila kuzunguka, zima papo hapo.

Baada ya nusu saa ya kazi, zima, chomoa, maliza tena chaji ya kapasita na upime upesi omu za koili ileile. Omu za shaba huongezeka takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi ya joto. Ilikuwa omu 10.0 kwenye nyuzi 25, sasa 12.5? Ndani ya koili kuna nyuzi 90 hivi, hata kama ganda la nje linashikika.

Kati ya volti mbili ulizoandika, ile iliyo juu zaidi mwandikie sista juu ya mashine kwa wino mzito, pamoja na maneno haya: "Chini ya hapa, tumia mtungi."