Kuchambua kisa cha kampuni kubwa hatua kwa hatua: tuanze na TAZARA

Mwongozo huu ni wa wajumbe wa bodi za AMCOS (ushirika wa wakulima), mameneja wa SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) na vijana wa biashara wanaopewa visa vya makampuni makubwa kwenye semina, kisha wanatoka na sentensi moja tu: "Uongozi ulikuwa mbovu." Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Hivi ndivyo ninavyoendesha vikao vyangu hapa Mbeya. Mfano ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, maana stesheni yake iko hapahapa mjini na kila mshiriki ana maoni juu yake kabla hajakaa.

Hatua ya 1: Tafuta uamuzi, achana na matokeo

Kisa kizuri kina mtu mwenye kalamu mkononi na siku ya kutia saini. Mtafute huyo kwanza. Chukua Kodak, kampuni ya Marekani iliyotajirika kwa filamu za kamera: watu husema hawakuiona dijitali ikija. Lakini mhandisi wao, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975 humohumo ndani ya kampuni, na Kodak ikaja kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Ina maana waliiona mapema sana. La kuuliza ni hili: meneja ambaye faida ya idara yake yote inatoka kwenye filamu, angekifanya nini kitu kitakachoiua filamu?

Kwa TAZARA, mimi huwaweka watu kwenye kiti cha mkurugenzi mtendaji mwaka 2015. Fedha ni kidogo. Ulipe mishahara, ununue vipuri vya vichwa vya treni, au ukarabati njia? Chagua kimoja.

Hatua ya 2: Ficha mwisho

Mpira ukiisha kila mtu ni kocha. Chapa kisa chako, kata sehemu yote inayoeleza kilichotokea baada ya siku ya uamuzi, itie kwenye bahasha na uipige stepla. Watu waambie kabisa simu ziwekwe kando. Mjanja mmoja akigoogle tu, mjadala umekufa.

Hatua ya 3: Chora nani anaomba ruhusa kwa nani

Usichore ule muundo wa utawala unaobandikwa ukutani. Chora njia ambayo ombi la fedha hupita hadi likubaliwe. TAZARA ni mali ya serikali mbili kwa hisa sawa, Tanzania na Zambia. Juu kuna baraza la mawaziri wa nchi zote mbili, chini yake bodi, kisha menejimenti Dar es Salaam, halafu mikoa miwili, mmoja ukiongozwa toka Dar na mwingine toka Mpika. Jambo kubwa linahitaji hazina mbili zikubaliane, na bajeti mbili zilizopitishwa na mabunge mawili. Ukishaichora, "uzembe" unaanza kuonekana kama foleni. Sisemi uzembe haukuwepo. Nasema hata meneja hodari angeikuta foleni hiyo imemsubiri.

Hatua ya 4: Piga hesabu moja kwa mkono

Moja inatosha, ila ipigeni ubaoni wote mkiangalia. Reli hii ina kilomita 1,860 toka Dar hadi Kapiri Mposhi, na ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 mzigo ulishuka chini ya tani 100,000. Tuseme zilikuwa 100,000 kamili. Gawa kwa siku 365: tani 274 hivi kwa siku. Semi moja ikibeba tani 30, hizo ni semi tisa. Simama Mafiati, hapa Mbeya, asubuhi uhesabu malori yanayokwenda mpakani Tunduma, tisa hazichelewi kupita. Kwa ule uwezo wa tani milioni 2, zingekuwa semi 180 na zaidi kila siku.

Hapo uliza: ni gharama gani inayopungua mzigo ukipungua? Dizeli, ndiyo. Lakini mahandaki na madaraja ya kati ya Mlimba na Makambako yanataka ukaguzi uleule, treni zipite mbili au ishirini. Wafanyakazi wako palepale, wakicheleweshewa mishahara wanagoma, na kweli waligoma mara kadhaa. Wakigoma mzigo unakwama, mwenye mzigo anahamia barabarani, fedha inazidi kupungua. Chora mduara huo kwa mishale. Hapa ndipo kikao kinapochangamka, wape muda.

Hatua ya 5: Mfuate mteja nyuma miaka 40

Hatua hii watu huiruka, na kwangu mimi ndiyo yenye nyama zaidi. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa 1976. Wakati huo Zambia haikuwa na njia salama ya kusini kupitishia shaba yake: kulikuwa na Rhodesia ya walowezi na Afrika Kusini ya makaburu. Migodi nayo ilikuwa chini ya serikali ya Zambia, ambayo ndiyo mmiliki mwenza wa reli. Mteja alikuwa hana pa kwenda.

Kisha Zimbabwe ikapata uhuru 1980, ubaguzi wa rangi ukaisha Afrika Kusini 1994, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Zambia ikabinafsisha migodi. Mwenye mgodi mpya anauliza mzigo utafika lini na kwa bei gani. Haulizi reli ni ya nani. Kwa hiyo, andika kwenye safu mbili: mteja aliyekuwa analazimika, na mteja anayechagua. Tia mwaka alipohama safu.

Hatua ya 6: Gawa viti

Waziri, meneja, fundi wa karakana, mwenye mgodi. Mpe mtu kiti asichokipenda. Dakika kumi kila kiti zinatosha.

Hatua ya 7: Ilete kwenye kahawa

Sasa weka reli pembeni, andika CPU ya AMCOS yenu, yaani mtambo wa pamoja wa kukoboa kahawa mbivu. Mtambo wa kukoboa ulinunuliwa kwa mkopo, ukiwa na matarajio ya kahawa mbivu ya wanachama wote. Mlinzi, mtaro wa maji na riba ya benki vinadai msimu mzima. Mwanachama mwenye ada ya shule mkononi anamuuzia mlanguzi shambani, kwa fedha taslimu. Je, huyo bado yuko safu ya wanaolazimika, au alishahama na bodi bado inamsomea kanuni za ushirika? Kilo ngapi zikipokelewa mtambo unajilipa? Mkikosa jibu hapohapo, katibu aondoke na kazi hiyo.

Hatua ya 8: Fungua bahasha, andika ukurasa mmoja

Ndani ya bahasha ya TAZARA ninaweka mkataba wa 2025, ambao umeikabidhi kampuni ya China, CCECC, uendeshaji wa reli kwa miaka 30, pamoja na kazi ya kuikarabati. Linganisheni na maamuzi yenu, bila kutafuta mshindi.

Kisha kila mtu aandike ukurasa mmoja kwa mkono: uamuzi, ile hesabu moja, siku mteja alipohama, na jambo moja la kubadilisha kwenye AMCOS kabla ya msimu. Mpe mjumbe ambaye hakuhudhuria ausome. Akikuuliza, "Sasa reli inatuhusu nini?" rudi hatua ya 7.