Redio inapopiga mluzi kila ukikanyaga mafuta

Kabla hujanunua kichujio cha makelele, kaa ndani ya gari na usikilize. Zima injini, washa redio, weka sauti katikati na usicheze wimbo wowote. Halafu washa injini, usikilize tena. Piga resi polepole hadi mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, kisha achia. Nimetengeneza mifumo mingi ya muziki wa magari, na bado naanza hivi kila mara, kwa sababu kila kelele ina mlango wake na sauti yake ndiyo inayokuonyesha mlango huo.

Mluzi unaopanda resi ikipanda na kushuka ikishuka unatoka kwenye altaneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Altaneta huzalisha umeme wa AC, unaokwenda na kurudi, diodi zilizomo ndani yake zikaugeuza kuwa DC, unaokwenda upande mmoja tu, lakini hubaki mawimbi madogo juu yake. Ikizunguka kwa kasi, mawimbi nayo huwa ya haraka, ndiyo maana mluzi unakuwa mwembamba. Mlio mkavu wa ta-ta-ta unaofuata resi ni wa plagi na koili. Mvumo ambao haubadiliki hata ukipiga resi, na unaanza mara tu ufunguo unapowashwa, mara nyingi ni pampu ya mafuta au mota ya feni. Mchemko wa shoo usiojali injini imewaka au imezimwa si kelele ya gari hata kidogo. Ni geini ya amplifaya, yaani kitufe cha kukuza sauti inayoingia, iliyofunguliwa kupita kiasi. Irudishe chini, upandishe sauti kwenye redio.

Nitakaa zaidi kwenye mluzi wa altaneta, kwa kuwa ndio unaowasumbua wengi na ndio unaowafanya watu wabadilishe vifaa vizima bure. Mara nyingi altaneta haina kosa. Kosa liko kwenye ethi, yaani pale waya wa hasi wa kifaa unapofungwa kwenye bati la gari. Redio imefungwa ethi yake nyuma ya dashibodi, amplifaya imefungwa ya kwake kwenye buti, na kati ya sehemu hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti. Umeme hutafuta njia ya kusawazisha tofauti hiyo, na njia iliyo wazi ni ule waya wa nje wa RCA, kebo inayobeba muziki wako kutoka redio hadi amplifaya. Hapo mluzi unaingia.

Gawa mfumo vipande. Zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, kisha washa. Mluzi ukiendelea, umeingia kwa upande wa umeme wa amplifaya au kwenye waya za spika. Ukikatika, unatoka mbele, yaani kwenye redio au njiani kwenye RCA. Sasa chukua simu isiyo kwenye chaji, iunganishe na amplifaya kwa waya mwingine wa RCA uliopita hewani, juu ya viti. Muziki ukiwa safi, waya wa zamani au redio ndio wenye shida.

Pima ethi ya amplifaya. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye terminali ya ethi ya amplifaya, nyingine kwenye hasi ya betri, injini ikiwa inaunguruma na muziki ukipigwa kwa nguvu. Nataka kuona chini ya volti 0.1. Niliwahi kukuta 0.4 kwenye gari ambalo waya wake wa ethi ulikuwa mnene, mpya, na boliti imekazwa barabara. Ukiitazama hukuti kasoro. Nilipofungua boliti, chini ya pete ya waya kulikuwa na duara la rangi ya gari linalong'aa, halina hata mkwaruzo. Umeme wote wa amplifaya ulikuwa unapita kwenye nyuzi za boliti tu. Nilikwangua kwa msasa hadi bati likawa jeupe, nikarudisha pete, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu kuzuia kutu. Mita ikashuka hadi 0.03, na mluzi ukanyamaza kimya kabisa. Waya huo wa ethi uwe mnene sawa na wa chanya, na uwe mfupi, ukiweza usizidi sentimita 45. Usitumie boliti ya mkanda wa usalama. Boliti hiyo imewekwa kushika uhai wa mtu, iache.

Kosa moja lilinifundisha kwa uchungu. Nilichomoa RCA huku redio ikiwa inawaka, na tangu siku hiyo mluzi ukaanza. Nilibadilisha waya mara mbili. Kumbe baadhi ya redio zina fyuzi ndogo mno ndani, inayolinda ethi ya RCA, na niliiunguza. Ukigusisha kwa waya mfupi sehemu ya nje ya plagi ya RCA na gamba la chuma la redio, mluzi ukapotea, basi umeipata.

Waya wa umeme mnene upitishe upande mmoja wa gari na RCA upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba, zisilale pamoja.

Diodi ya altaneta nayo huweza kufa kweli. Weka mita kwenye volti za AC, ncha zote mbili kwenye betri, injini ikiwa inawaka. Ikizidi 0.1, ishuku. Ila geuza ncha upime tena. Namba zikitofautiana sana, mita yako haifai kwa kipimo hicho. Na usichomoe betri injini ikiwa inawaka ili kujaribu altaneta, unaweza kuunguza kompyuta ya gari.

Mluzi ukija pale tu unapochaji simu huku umeiunganisha na redio kwa waya, chomoa chaja. Ukiisha, hapo ndipo kitenganishi cha ethi, kifaa kidogo kinachopitisha muziki bila kuunganisha ethi za pande mbili, kinafaa. Kwenye RCA za sabufa sikiweki, kwa sababu vingi hupunguza besi.

Kelele zilizoko kwenye stesheni tu, hasa za AM, zinaingia kwa antena. Kagua ethi ya shina la antena, kisha zima taa za LED na chaja moja moja.

Ukimaliza, jaribu tena taa kubwa, feni na wipa zote zikiwa zimewashwa. Ethi iliyolegea kidogo hujificha mpaka mzigo uwe mkubwa.