SOMO: Kupanga kazi za kitengo cha sheria kwenye kampuni (Tanzania)

Swali la "tuko mawakili wawili, kampuni nzima inatutegemea, tufanyeje?" nimelijibu inbox mpaka nimechoka. Nitakuwa nawaelekeza hapa.

1. Mlango uwe mmoja: barua pepe ya kitengo. Ombi la WhatsApp au la kwenye korido halihesabiki mpaka liandikwe.

2. Fungua rejista. Excel inatosha: nani kaomba, nini, kimepokelewa lini, mwisho lini, kiko kwa nani.

3. Panga kwa ukomo wa kisheria, si kwa cheo cha anayepiga simu. Hapa soma taratibu. Makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) yakija, pingamizi ni ndani ya siku 30 tangu kampuni ilipoyapokea, si tangu yalipotua mezani kwako. Bahasha inagongwa muhuri masjala, inapanda kwa mkurugenzi, inashuka idara ya fedha, ikikufikia wiki mbili zimekwenda. ANDIKA TAREHE YA MUHURI. Halafu fedha wajue siku hiyohiyo, maana pingamizi linadai amana: theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi msichobishia, chochote kilicho kikubwa. Hela hiyo haitoki kwa siku moja. Tuzo ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) nayo mna wiki 6 tu kuomba mapitio Mahakama Kuu.

4. Mikataba inayojirudia iwe na kiolezo, idara zijaze zenyewe. Wakigusa kipengele, irudi kwenu.

5. Kila Ijumaa pitieni rejista pamoja.

MASWALI

Mdau_Dom: Mkuu, nitumie hiyo rejista inbox.
— Safu zote tano ziko hatua ya 2.

Kijana wa Posta: Kwetu bosi akisema haraka ni haraka. Hii haiwezekani.
— Umejaribu? Mpelekee rejista, muulize kipi kisubiri. Ajibu kwa maandishi.

Bint Tanga: Kaka, barua imeletwa jioni, mlinzi akasaini kitabu cha mletaji. Masjala wakagonga muhuri kesho yake. Naandika ipi?
— Swali zuri sana, dada. Andika ya mlinzi. Kitabu kile ndicho watakachokuja nacho kuthibitisha kwamba mlipokea. Walinzi wawe na daftari lao, na masjala walikague kila asubuhi kabla ya kugonga muhuri wowote.

Wakili_Mwz: Naongezea safu ya tarehe ya saini. Mkataba unaotozwa ushuru wa stempu ulipiwe ndani ya siku 30, la sivyo mahakamani haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.
— Asante, wakili, naiongeza. Na kwa mikataba inayojihuisha yenyewe, msiweke tarehe ya kuisha peke yake. Wekeni na siku ya mwisho ya kutoa notisi.